Kutoka magwanda hadi kazi za uraiani: shajara ya mradi wetu hapa Killeen, Texas

Jumamosi, 14 Septemba 2024: tumeanza

Killeen ni mji wa jeshi, geti la Fort Cavazos ambayo wengi bado wanaiita Fort Hood liko hapo hapo, na Waswahili tuliovaa magwanda ya Marekani tupo wengi kuliko ndugu zetu nyumbani wanavyodhani. Kuna walioingia na green card, kuna walioingia kwa ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 ukasimamishwa 2016, jeshi lilikuwa linachukua wageni wenye lugha linazozihitaji na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wamekaa miaka minne, sita, wengine ishirini, na sasa wanatoka.

Tunachokiona ni hiki. Mtu alikuwa anasimamia stoo yenye vifaa vya mamilioni ya dola, mwezi mmoja baada ya kutoka unamkuta anapanga maboksi usiku au kasimama getini analinda. Ujuzi anao, ila bili hazisubiri na nyumbani wanapiga simu, akachukua kazi ya kwanza iliyojitokeza. Kazi hizo ni halali na hatuzidharau hata kidogo, kinachouma ni mtu kuingia huko kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa na mlango mwingine na mlango wenyewe una tarehe ya kufungwa.

Kwaiyo tumekaa chini, mimi niliyetoka miaka kadhaa iliyopita, dada mmoja nesi, mzee wetu sajini mstaafu mwenyeji wa Kilifi, na kijana mmoja wa kompyuta, tukakubaliana kila Jumamosi tunakaa na wanaokaribia kutoka na wale waliokwisha kutoka wakakwama. Tunaandika hapa ili walioko miji mingine ya kambi kama Tacoma, Fayetteville, Colorado Springs na Clarksville wakitaka kuiga wasianze sifuri.

Sheria zetu ni mbili tu. Hatutozi mtu hata senti. Na hatumjazii mtu madai ya ulemavu ya VA, idara ya serikali ya maveterani yani wanajeshi waliokwisha kutoka, manake kisheria anayekuandalia madai lazima awe amethibitishwa na VA yenyewe, sisi tunakupeleka kwa afisa wa chama cha maveterani aliyethibitishwa ambaye hafanyi kwa malipo. Kuna kampuni zinazunguka zinataka asilimia ya hela yako ya ulemavu, ukipigiwa simu na watu wa hivyo kata.

Gharama mpaka sasa: chumba cha kanisa bure, wino na karatasi dola 38, chai na mandazi tunapokezana.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024: karatasi

Tulidhani tutaanza na kutafuta kazi, kumbe sehemu kubwa ya wiki hizi imeishia kwenye karatasi. Ya kwanza kabisa ni DD-214, karatasi unayopewa siku ya kutoka inayosema ulikuwa nani jeshini, umesomea nini, umetoka kwa heshima au vipi. Bila hiyo hakuna GI Bill, yani hela za masomo za veterani, hakuna pointi za upendeleo kwenye kazi za serikali, hakuna mkopo wa nyumba wa VA, na mwajiri akisema anaajiri maveterani hiyo ndo anayoiomba.

Dada mmoja wa ugavi alipata kazi nzuri Temple, mji wa jirani, kampuni ikaanza kumchunguza historia yake, ikakwama. Kwenye cheti cha uraia jina lake la mwisho ni la maneno mawili, kwenye DD-214 karani kaandika neno moja. Alafu kisanduku cha 14, kile cha mafunzo ya kijeshi, kozi mbili kubwa alizosoma hazipo kabisa. Alisaini siku ile akiwa na haraka kama wote tunavyokuwa na haraka siku ile, gari limeshapakiwa, watoto wamo ndani. Tumeomba marekebisho, na marekebisho yakija hayaandiki upya ile karatasi, yanakuja kwenye fomu nyingine ya DD-215 ambayo unaiambatanisha na ya kwanza milele, na hayaji upesi. Kilichomuokoa ni kwamba alikuwa na cheti cha kila kozi kwenye faili la nyumbani, akamwonyesha mwajiri pamoja na cheti cha uraia, wakakubali kusubiri.

Kwa hiyo sasa hatua ya kwanza kwa yeyote anayekuja akiwa bado yuko ndani: kabla ya kutoka utapewa rasimu ya DD-214 uipitie, usiisome peke yako, lete tukae wawili. Tunalinganisha jina herufi kwa herufi na pasi na cheti cha uraia, ndo ishu kubwa kwa watu wetu wenye majina matatu au ya maneno mawili. Tunapitia kisanduku cha 11 cha kazi uliyofanya na muda wake, cha 13 cha medali, cha 14 cha kozi. Nakala unayoitunza ni ile ya Member 4, ndo inayoonyesha aina ya kuachishwa na sababu, wengi wanaondoka na ile fupi ambayo mwajiri wa serikali haikubali. Aliyepoteza anaomba bure kituo cha kumbukumbu cha taifa kule St. Louis, usilipe tovuti yoyote. Mzee wetu huwa anawakumbusha kwamba 1973 moto uliwaka kule ukateketeza mafaili milioni 16 mpaka 18, kwaiyo weka nakala zako mwenyewe na umwachie na mkeo.

Karatasi ya pili ni JST, taarifa ya masomo yako yote ya jeshini yenye mapendekezo ya krediti za chuo. Ni bure, inaombwa mtandaoni, na wengi hawajawahi kuifungua.

Tumebandika pia tarehe ukutani kwa maandishi makubwa. Semina za kutoka jeshini, TAP, kisheria zinatakiwa zianze si chini ya siku 365 kabla ya kutoka, na mke au mume anaruhusiwa kuhudhuria, mashemeji njooni. Madai ya VA ya mapema, yale ya BDD, yanapokelewa kati ya siku 180 na 90 kabla, ukipitisha hapo unaingia foleni ya kawaida. Bima ya maisha ya jeshi unaibadilisha kuwa ya maveterani, VGLI, ndani ya siku 240 bila kuulizwa afya yako, baada ya hapo lazima uthibitishe uko mzima.

Gharama: dola 22, flashi za kuhifadhia nakala na folda za plastiki.

Jumamosi, 23 Novemba 2024: CV

Hapa ndo tumepoteza muda mwingi na hapa ndo tumejifunza zaidi.

Mwanzo tulichukua muundo mmoja wa CV tuliopewa, tukawajazia watu wote, dereva, medik, fundi wa redio, karani, wote muundo mmoja na maneno makubwa makubwa ya uongozi na nidhamu na kufanya kazi chini ya shinikizo. Zikatumwa kibao. Kimya. Dada nesi akampelekea rafiki yake anayeajiri kwenye hospitali moja, akamjibu kwamba amesoma zote na bado hajui hata mmoja wao alikuwa anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Tukarudi nyuma. Tukachukua mtu mmoja tu, yule dada wa ugavi, kazi yake jeshini ni 92Y, tukamwambia dada hebu tuambie Jumatatu moja ya kawaida, unafika stoo saa ngapi, unafungua nini. Akasema anafungua kompyuta, anaingia GCSS-Army, programu ya ugavi ya jeshi, anaangalia maombi ya vipuri, anaona nini kimechelewa, anapiga simu, anahesabu silaha na miwani ya usiku, anasaini. Kijana wa kompyuta akamkatisha, umesema GCSS-Army? Ile imejengwa juu ya SAP! Yani programu ile ile ambayo viwanda na maghala makubwa yanaitumia na yanatafuta watu wanaoijua, huyu dada ameitumia miaka minne kila siku na kwenye CV yake neno SAP halipo popote.

CV ya kwanza ilisema: "Sajini wa ugavi mwenye nidhamu, alisimamia mali za kombania kwa uadilifu." Ya sasa inasema: "Miaka 4 akitumia mfumo wa ugavi uliojengwa kwenye SAP kuagiza, kupokea na kufuatilia vipuri na vifaa vya watu 120. Alisimamia hesabu kamili ya mali mara mbili makamanda walipobadilishana, hakuna kifaa kilichopotea." Ni mtu yule yule na kazi ile ile. Wiki iliyofuata akapigiwa simu na sehemu tatu, ndo ikatoka ile ya Temple ninayoisema hapo juu ambayo karatasi zake zimeshakubaliwa na ameanza. Anapanga ugavi wa vipuri, mchana, wikendi yuko nyumbani.

Sasa tunafanya hivyo kwa kila mtu, tunamwomba atuhadithie Jumatatu yake tunaandika anavyosema, alafu tunachukua tangazo la kazi halisi tunaweka pembeni tunatafuta wapi vinakutana. Inachukua mchana mzima kwa mtu mmoja. Hakuna njia ya mkato tuliyoiona.

Intavyuu nayo ni shughuli. Watu wetu wamebanwa mara mbili. Jeshi limewafundisha kusema sisi, kikosi chetu, timu yetu. Na nyumbani tumelelewa kwamba anayejisifu hana adabu. Kwaiyo akiulizwa ulifanya nini wewe, anajibu tulifanya, anaangalia chini, anamalizia na ndiyo afande. Mwajiri wa Kimarekani anaandika huyu hakufanya kitu. Mazoezi yetu ni kumwambia simulia kama unatoa ripoti kwa mkubwa wako baada ya doria, nani alikuwa wapi, wewe ulifanya nini, matokeo yalikuwa nini. Ripoti haina majivuno, ni ukweli, na hapo wanafunguka kabisa.

Kingine, waliokuja na digrii kutoka nyumbani. Wengi waliingia jeshini na cheo cha speshalisti kwa sababu ya digrii ya Nairobi, Dar, Makerere, alafu wakaisahau hiyo digrii kama haikuwahi kuwepo. Ripoti ya tathmini ya digrii waliyotumia kujiandikisha bado wanayo au wanaweza kuomba nakala, ingizeni kwenye CV.

Gharama: suti mbili za mitumba za kuazimana, dola 60, na kupiga pasi.

Jumamosi, 25 Januari 2025: kazi za serikali zimefungwa

Mpango wetu wa mwaka huu uliegemea sana kazi za serikali kuu. Sababu zilikuwepo, veterani anapata pointi 5 au 10 za upendeleo, miaka yake ya jeshi anaweza kuinunua ihesabiwe kwenye pensheni, na karibu 30% ya wafanyakazi wa serikali kuu ni maveterani. Tulikuwa na watu wenye maombi yaliyofika mbali, mmoja alishapewa ofa ya awali.

Jumatatu tarehe 20 rais mpya kaapishwa na siku hiyo hiyo kasaini zuio la kuajiri. Ofa ya ndugu yetu imefutwa kwa barua pepe ya mistari mitatu, na alikuwa ameshatoa taarifa ya kuhama nyumba. Jana jioni tulikuwa kwake, mkewe anauliza tunafanyaje, na tulichoweza kufanya usiku ule ilikuwa kumpigia mwenye nyumba kumwomba asitafute mpangaji mwingine. Kakubali, Mungu ambariki.

Tumebadilisha hivi. Kwanza, VA imetangaza nafasi nyingi za afya zimeachwa nje ya zuio, kwaiyo wa tiba waendelee kuomba. Pili, kaunti, miji, shule za umma na jimbo la Texas haviko chini ya zuio lile na navyo vinawapendelea maveterani, huko tulikuwa hatujagusa. Tatu, anayetoka jeshini bila kazi ana haki ya posho ya kukosa ajira, inaitwa UCX, unaombea ofisi ya kazi ya jimbo na DD-214 yako. Wengi wanaona aibu kuichukua, wanasema ni msaada wa maskini. Ndugu zangu hiyo ni haki uliyoifanyia kazi, ichukue ikusaidie kupumua utafute kazi inayokufaa.

Na wenye green card bado, hili ni lenu. Kazi za serikali kuu karibu zote zinataka raia. Uraia kwa njia ya jeshi, fomu N-400, hauna ada ya serikali hata senti, na ukishatoka kwa heshima bado unaweza kuomba ukitumia DD-214. Tulimkuta kaka mmoja ameshamlipa mtu mamia ya dola amjazie fomu ambayo ofisi ya msaada wa kisheria pale kambini ingemsaidia bure.

Jumamosi, 8 Machi 2025: madereva

Madereva wa malori ndo kundi kubwa kuliko yote na tuliona litakuwa rahisi. Mwenye uzoefu wa miaka miwili ya kuendesha magari makubwa jeshini anasamehewa jaribio la barabarani la CDL, leseni ya malori, akiomba ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, na kwa kazi kadhaa kama 88M ya dereva wa malori na 92F ya msambaza mafuta jimbo linaruhusiwa kumsamehe hata mtihani wa maandishi. Shule ya udereva uraiani ni maelfu ya dola, kwaiyo huu msamaha ni mali.

Shida ya kwanza, mwaka mmoja. Wawili walikuja wamepitisha, walikuwa wanaendesha Uber wakisubiri mambo yatulie, na mambo yalipotulia haki imekwisha.

Shida ya pili ilitukuta kwa kijana wa 92F, mwenyeji wa Moshi, aliyekuwa anaendesha HEMTT, lori la kijeshi la mafuta. Kamanda kasaini fomu vizuri, tarehe ziko sawa, kaenda ofisi ya leseni kwa furaha, karudi na daraja B. Kampuni iliyomuahidi kazi inataka A. Sababu ni kwamba msamaha unafuata gari uliloendesha, HEMTT lile ni zito lakini halikuwa linavuta trela, na daraja A ni la gari linalovuta. Aliyeendesha M915, kichwa cha kuvuta, na trela lake anapata A. Na kupanda kutoka B kwenda A sasa hivi lazima upitie mafunzo rasmi ya ELDT yaliyoanza kuwa lazima Februari 2022, hapo hakuna msamaha tena.

Tulikaa naye jioni nzima. Alikuwa amekata tamaa, anasema bora arudi kulinda. Mzee wetu ndo akauliza swali la maana, wewe umezoea kubeba nini? Mafuta. Basi kwa nini unaililia trela? Daraja B na kibali cha tenki na kibali cha vitu hatari kinamwezesha mtu kusambaza gesi ya kupikia na dizeli hapa hapa kwenye kaunti, analala kwake kila siku, wakati wa A anazunguka nchi wiki tatu hajaona mtoto. Kibali cha vitu hatari kinataka alama za vidole na uchunguzi wa TSA, idara ya usalama wa usafiri, kikachukua wiki kadhaa, lakini ameajiriwa na wasambazaji wa gesi na anasema hataki kusikia habari za trela. Mwenzake aliyetaka A kwa moyo wote tulimpeleka ofisi ya ajira ya kaunti, kwenye fedha za mafunzo za sheria ya WIOA ya 2014 maveterani wanatangulizwa, wamemlipia shule nzima.

Kwa wanaoiga: muulize dereva kwanza aliendesha gari gani, lina trela au halina, kabla hamjaomba kitu. Na achukue rekodi yake ya udereva kikosini kabla hajakabidhi vitambulisho, akishatoka kuipata ni kuombaomba.

Gharama: vipimo vya afya vya dereva kwa mmoja ambaye hakuwa na kitu, dola 95. Ameshazirudisha, tumempa mwingine.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: medik na shule

Medik wa jeshi, 68W, anatoka na cheti cha taifa cha EMT, mhudumu wa dharura wa ambulensi. Cheti hicho kinahuishwa kila baada ya miaka miwili na kinaisha tarehe 31 Machi. Dada wa Kisii alikuja kwetu wiki ya pili ya Aprili. Miaka sita ya kufunga vidonda, amewahi kumshikilia mtu mshipa wa paja mpaka helikopta ikatua, na kwa makaratasi ya uraiani leo hii hawezi kupanda ambulensi kama mhudumu. Sasa yuko darasa la marejeo na atafanya mtihani upya, na akifaulu bado kuna cheti cha jimbo la Texas ambacho ni kitu kingine kabisa na kinaombwa peke yake. Wote wa 68W tuliokuwa nao kwenye orodha tumewapigia simu siku ile ile tukakuta mwingine tarehe yake ni mwakani, ameshaandika kwenye kalenda.

Anachotaka hasa ni unesi, na ana GI Bill yake kamili ya miezi 36. Hapa kuna mambo ya hela ambayo watu hawaambiwi. Posho ya nyumba ya GI Bill inafuata eneo la shule kwa kiwango cha sajini mwenye familia, ila ukisoma yote mtandaoni unapewa nusu ya wastani wa taifa tu. Ukichukua hata somo moja la kukaa darasani, unapimwa kwa kiwango cha shule. Tofauti inaweza kuwa ndo kodi yako ya nyumba. Yeye alikuwa ameshajisajili mtandaoni kila kitu, tukamrudisha kwa mshauri wa chuo akabadilisha somo moja la anatomia liwe la maabara.

Kuna pia Hazlewood ya Texas, krediti 150 bila ada kwenye vyuo vya umma vya jimbo, nzuri mno na unaweza hata kumwachia mwanao. Tukaitangaza kwa nguvu, watu wakajaa, alafu tukaanza kuwakatalia mmoja mmoja. Haitoshi kuishi Killeen miaka kumi. Lazima uwe uliingia jeshini ukiwa mkazi wa Texas, au ulijiandikishia Texas, au uliandika Texas kuwa nyumbani kwako wakati wa kuingia. Watu wetu wengi walijiandikishia Minnesota, Washington, Maryland, kwaiyo hawamo. Sasa tunauliza ulijiandikishia wapi ndo tunaendelea.

Na shule zinazopiga simu kila siku zikikuita shujaa, tafadhali mziangalie kwanza kwenye chombo cha VA cha kulinganisha shule. Chuo cha kibiashara cha ITT kilifunga milango yake Septemba 2016 na maveterani walikuwa katikati ya masomo, ikabidi Kongresi ipitishe sheria mwaka uliofuata ndo wengine wakarudishiwa miezi yao. Chuo cha jamii cha kaunti hakina matangazo ya kuvutia lakini krediti zake zinahamishika.

Jumamosi, 14 Juni 2025: SkillBridge, na hela za nyumbani

SkillBridge ni mpango mzuri kuliko yote kwa aliye bado ndani, unaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya kiraia hadi siku 180 za mwisho huku jeshi linaendelea kukulipa mshahara. Ila kila tawi limeweka ukomo wake kufuatana na cheo, na kamanda lazima asaini. Fundi wetu wa redio alipata kampuni, kampuni ikamkubali, kamanda akakataa kwa sababu kikosi kina mazoezi makubwa na mafundi ni wachache. Aliomba siku zote alizoruhusiwa. Ombi la pili tuliandika la siku chache kuanzia baada ya mazoezi kuisha, na jina la mwenzake atakayeshika nafasi yake na saini ya huyo mwenzake. Likapita. Wengine wawili wameombea hivyo hivyo, mmoja kapita mmoja bado.

Sasa hili la pili halipo kwenye semina yoyote ya jeshi na kwa maoni yangu ndilo linalowaangusha watu wetu kuliko yote. Ukiwa ndani, nyumba, matibabu, chakula vimeshikwa. Ukitoka vyote vinakurukia mwezi mmoja, na nyumbani hawajui kwamba umetoka. Karo ya mdogo wako iko pale pale, mama anahitaji dawa, kuna harusi, kuna msiba, kuna kiwanja ulichoanza kulipia Kibaha au Kitengela. Unaona aibu kusema sina. Ndo unachukua kazi ya usiku ya kwanza kesho yake, na ukishaichukua muda wa kutafuta nyingine hauna.

Tumeanza kufanya bajeti ya miezi sita na kila mtu na tunaiweka hela ya nyumbani kama mstari wake wenyewe, kwa kiasi, wala hatumwambii mtu aache kutuma. Alafu tunamsaidia kupiga simu kabla ya kutoka. Mzee wetu anakaa pembeni, kama yule wa nyumbani ni mzazi anaomba simu aongee naye mtu mzima kwa mtu mzima: shikamoo mama, kijana wako anamaliza jeshi mwezi wa tisa, miezi sita atakuwa anatuma nusu, anatafuta kazi ya kudumu, mwombee. Mara zote tulizoshuhudia mzazi ameelewa. Mama mmoja wa Mwanza alilia akasema alikuwa anadhani mwanawe anafukuzwa. Sasa yule kijana ana miezi yake sita, anatafuta kazi ametulia.

Madereva: amri ya rais ya tarehe 28 Aprili kuhusu Kiingereza inaanza kusimamiwa barabarani tarehe 25 mwezi huu, dereva asiyeweza kuongea na polisi au kusoma alama anasimamishwa hapo hapo. Waliotoka jeshini Kiingereza wanacho, ila lafudhi na woga vinaweza kumponza mtu, kwaiyo tunafanya mazoezi ya kusimamishwa, mmoja anakuwa askari. Kingine, wametangaza kambi inarudishiwa jina la Fort Hood, kwenye CV andikeni jina lililokuwepo wakati wenu na msihangaike.

Gharama: dola 40, simu za nje.

Jumamosi, 19 Julai 2025: tulipofika

Yule ndugu aliyefutiwa ofa Januari ameajiriwa na wilaya ya shule, anasimamia matengenezo ya mabasi. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa serikali kuu, ila watoto wanasoma wilaya hiyo hiyo na saa kumi jioni yuko nyumbani. Fundi wa redio kampuni yake ya SkillBridge imemwajiri. Dada wa Kisii amefaulu mtihani, anasubiri cheti cha jimbo, unesi anaanza Agosti.

Ambacho hakijafanikiwa: watu wa miguu, 11B, ambao hawana kazi ya uraiani inayofanana moja kwa moja na yao. CV ya kuhadithia Jumatatu imesaidia kwa wale waliokuwa viongozi wa kikosi kidogo, kwa askari wa kawaida bado tunahangaika. Wawili tumewaelekeza kwenye mafunzo ya kazini ya umeme na mabomba ambako GI Bill inalipa posho ya nyumba huku na mwajiri analipa mshahara, tutaandika inavyokwenda. Mmoja kati yao halali usiku, tumempeleka Vet Center, kituo cha ushauri cha maveterani, na tumebandika ukutani namba ya dharura, unapiga 988 alafu unabonyeza 1, saa yoyote.

Kikao cha Agosti tunawaita mashemeji peke yao, tutapitia UCX, bima na bajeti. Anayetaka nakala ya karatasi yetu ya kukagulia DD-214 aje na flashi yake.